Imeji ya Kumwekea Breki

Benchi ni langu. Nalisema mapema kwa sababu ukipita kwenye kona yetu asubuhi utadhani ni mali ya umma. Nilimwambia seremala anitengenezee ili wateja wangu wa nguo wapate pa kukaa wakisubiri kupimwa, na mpaka leo sijaona mteja hata mmoja aliyefanikiwa kulikalia. Limetekwa. Mwisho wa kushoto hukaa Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye hutoka kibandani kwake mara akisikia sauti zimepanda, hata kama kuna mtu kwenye kiti kanyolewa nusu. Katikati hukaa Kipengele, karani mstaafu, ambaye hajawahi kukubali jambo lolote bila kuuliza ni kipengele gani kinaliruhusu. Birika hakai, yeye husimama na birika lake la kahawa na vikombe vinavyogongana, anamimina huku anachangia, na akichangia sana kahawa inaishia kwenye viatu vya watu. Mimi nipo mlangoni na cherehani yangu. Wananiita Pindo, na wakidhani sisikii wanajidanganya.

Mwisho wa kulia ni mahali pa Breki, na siku hizi hapakaliwi na mtu. Breki ni dereva wa malori mstaafu, na jina hilo alilipatia hapa hapa. Ubishi ukichacha, watu wakianza kuongea wote kwa pamoja, alikuwa anapiga kiganja kwenye benchi na kunguruma: "Breki!" Kila mtu ananyamaza, halafu tunacheka, halafu tunahamia mada nyingine. Ndipo akateleza bafuni akavunjika nyonga. Hospitali tulikwenda. Aliporudishwa nyumbani, ghorofani hapo juu ya vichwa vyetu, tulipanda ngazi mmoja mmoja kumjulia hali, na kila aliyepanda alikutana na binti yake mlangoni. "Baba amelala." Asubuhi amelala, mchana amelala, jioni amelala. Tukaacha matunda, tukashuka. Tangu hapo ubishi wetu hauna wa kuusimamisha. Unakwisha pale kahawa inapokwisha.

Jana binti alishuka akatueleza ukweli. Baba halali. Amegeukia ukuta, chakula hataki, maneno hana, na hataki kuonwa na mtu. Kesho kaka yake anakuja na gari kumchukua, akakae kwake, mji wa mbali ambako mzee hajui hata jirani. "Angeonyesha uhai kidogo tu," alisema, "ningemwambia kaka amwache hapa kwake." Akapanda zake. Mimi nikarudi kwenye cherehani, nikashona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia.

Ndiyo maana leo asubuhi Waya, fundi simu wetu, alikuja mbio na kikompyuta kidogo kwapani, akakiweka katikati ya benchi kama mtu anayeleta mtoto mchanga aonwe na ndugu.

Waya: Hiki hapa. Ofisi moja ilikitupa, mimi nimekifufua. Nakijaza filamu zote anazozipenda Breki, mechi za zamani, video za harusi ya binti yake, kila kitu. Yeye yuko kitandani, rimoti mkononi, anachagua anachotaka. Hiyo ndiyo seva ya nyumbani.

Wembe: Yaani unamjengea mzee sinema.

Waya: Namjengea sinema. Mtu mwenye cha kutazama hageukii ukuta.

Hapo hata mimi niliacha kukanyaga cherehani. Lilikuwa wazo zuri, na kusema kweli lilikuwa wazo pekee tulilokuwa nalo.

Birika: Sasa unangoja nini? Washa, pandisha juu, tunywe kahawa.

Waya: Kuna jambo dogo. Programu ya kuendesha hiyo sinema siiweki hivi hivi. Naiweka ndani ya kontena.

Kipengele: Kontena! Litapita wapi? Ngazi ile ina kona mbaya.

Waya: Mzee wangu, si la bati. Ni namna ya kuitenga programu kwenye kompyuta ili ikae peke yake, isiguse vitu vya wengine. Na programu yenyewe inakuja imefungashwa tayari na kila inachohitaji. Furushi hilo ndilo linaitwa imeji. Unalipakua, unaliwasha, basi.

Mimi: Kama nguo ya dukani. Imeshonwa, imetiwa vifungo, kazi yako kuvaa.

Waya: Dada Pindo umemaliza. Sasa shida ni hii: nguo zenyewe ziko tatu, na bando nililobakiza linatosha kupakua moja tu. Nikikosea, sina jingine mpaka kesho. Na kesho...

 Birika akamimina kahawa kwa adabu, kila mtu chake, akaanza na mahali patupu pa Breki kwa mazoea, kisha akakirudisha kile kikombe kimya kimya.

Kipengele: Haya, zitaje.

Waya: Ya kwanza ni ya wenyewe, walioitengeneza programu. Ya pili ni ya kikundi cha watu wanaojitolea, kazi yao kufungasha programu za wenzao kwa utaratibu mmoja unaoeleweka. Ya tatu ni ya mtu mmoja. Jina hajaweka. Ameweka picha ya paka.

Kipengele: Ya wenyewe. Hakuna mjadala.

Wembe: Mjadala upo, vinginevyo mimi nimetoka kufanya nini?

Kipengele: Sikiliza basi. Kitu kikiharibika unakwenda kwa aliyekitengeneza. Hawa wa kikundi ukiwalalamikia watakuambia wao wamefungasha tu. Nimekaa ofisini miaka yote, nawajua watu wanavyotupiana mzigo.

Wembe: Unawajua kwa sababu mtupaji ulikuwa wewe.

Kipengele: Nilikuwa nafuata utaratibu!

Wembe: Mimi sina utaratibu, mimi naangalia wateja. Waya, hiyo ya kikundi imepakuliwa na watu wangapi?

Waya: Wengi mno. Namba yake huwezi kuisoma kwa pumzi moja.

Wembe: Umesikia? Watu wote hao ni punguani, mwenye akili ni Kipengele peke yake?

Kipengele: Wingi wa watu si hoja. Kwako pia foleni ni ndefu, na ni kwa sababu unawaacha watu na vichwa nusu.

Sauti kutoka kibandani kwa kinyozi: Na mimi ni shahidi!

Huyo alikuwa mteja, mgeni wa mtaa, aliyekuwa amekaa humo na shuka shingoni tangu Waya alipofika. Wembe alimpungia mkono bila kugeuka, kwamba nakuja.

Birika: Mimi nasema ya mwenye paka.

Kipengele: Mtu asiye na jina?

Birika: Kwani wewe unaitwa nani? Hilo la kwenye vyeti vyako, nani hapa analijua?

Tukatazamana. Kweli hakuna aliyelijua. Kipengele mwenyewe alionekana kama anajaribu kulikumbuka.

Birika: Basi mwache mwenye paka. Waya, uzito wake ukoje?

Waya: Nyepesi sana. Haifiki hata robo ya hizo mbili.

Birika: Si unaona! Kazi ni ile ile moja, kucheza filamu. Huyu anaifanya kwa kifurushi cha kubeba na vidole viwili. Hao wengine wamebeba nini humo ndani?

Wembe: Vipuri.

Birika: Vipuri vya filamu! Mimi nimebeba birika hili maisha yangu yote, nikilinyanyua najua kama ndani kuna kahawa au kuna kahawa na kitu kingine. Humo kuna watu.

Waya: Watu?

Birika: Si watu wa nyama. Watazamaji. Wewe unatazama, nao wanatazama. Na wakichoshwa na mwisho wa filamu, wanaubadilisha.

Wembe: Acha uongo wewe.

Birika: Hujawahi kutazama filamu ya zamani ukajiuliza, mbona huyu jamaa zamani hakufa?

Wembe alikuna kidevu.

Wembe: Hilo limewahi kunitokea.

Waya: Jamani, hakuna watu ndani ya imeji!

Birika: Umefungua ukaangalia?

Waya: Sijapakua bado!

Birika: Basi hujui.

Nilicheka mpaka sindano ikataka kunichoma kidole. Juu yetu pazia la Breki lilitikisika, nikasema moyoni huo ni upepo, ingawa kitambaa kilichoning'inia mlangoni kwangu kilikuwa kimetulia tuli.

Kipengele: Suala la watu tuliweke kando, halina ushahidi. Lipo kubwa zaidi. Waya, umesema programu ikiwa ndani ya kontena haioni ya nje?

Waya: Haioni, mpaka uiruhusu. Nitaionyesha folda ya filamu tu.

Kipengele: Kwa hiyo yenyewe inajua kwamba duniani kuna filamu tu.

Waya: Kwa namna fulani, ndiyo.

Kipengele: Haijui kama nyumbani kuna mgonjwa!

Waya: Itajuaje?

Kipengele: Ndiyo hatari yenyewe hiyo. Kitu kinachodhani duniani kuna filamu peke yake kitaweka sauti ya kumbi za harusi. Magari yanagongana, mabomu yanalipuka, mgonjwa anashtuka, nyonga iliyoanza kushika inaachia. Lazima kontena liarifiwe kwa maandishi.

Wembe: Nani aarifiwe?

Kipengele: Kontena. Barua moja fupi. Nakala kwa binti, nakala hospitali.

Birika: Na muhuri?

Kipengele: Muhuri ninao nyumbani.

Wembe: Niliwahi kujiuliza kwa nini walikustaafisha mapema. Sasa sijiulizi tena.

Wakati huo binti wa Breki alikuwa anashuka na bakuli mkononi, anakwenda kutupa taka na kununua sabuni. Alisimama mbele yetu akilitazama lile bakuli kama limemjibu kitu ambacho hakuliuliza.

Binti: Shikamooni.

Wazee: Marahaba, mama. Baba anaendeleaje?

Binti: Hata sielewi. Uji wa leo ameumaliza. Nilimwachia mezani nikijua nitaukuta vile vile, narudi, bakuli tupu.

Wembe: Atakuwa amepata habari za seva.

Binti: Nani amemwambia? Mimi mwenyewe ndiyo kwanza nasikia.

Alikwenda zake akitikisa kichwa. Sisi tukalichukua lile bakuli tupu kuwa dalili njema kwa kazi yetu na tukaongeza bidii ya kubishana.

Waya: Tuseme tumeshachagua imeji. Bado kuna toleo. Kuna linaloitwa la karibuni kabisa, hilo ukilipakua tena kesho unaweza ukakuta si lile la leo, maana wenyewe wakitoa jipya nalo linageuka. Na kuna lenye namba, hilo linabaki lilivyo.

Wembe: La karibuni kabisa. Nani anataka cha jana?

Mimi: Hapo hapo. Waya, chukua lenye namba.

Wembe: Dada Pindo, wewe si ulikuwa unashona?

Mimi: Nashona na masikio ninayo. Unavaa gauni la mikono mifupi unakwenda kulala, unaamka limeota mikono mirefu. Utafurahi? Mgonjwa hashtukizwi. Anataka kitufe alichokiacha jana akikute leo mahali pake.

Wakakubali wote, na nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu benchi liwekwe hapo. Nilijisikia vizuri sana. Nilidhani sasa mambo yatanyooka.

Hayakunyooka. Wembe alitoa nadharia kwamba kile kikundi cha wanaojitolea hakiwezi kuwa kinajitolea kweli, kwamba hakuna binadamu anayefungasha vitu vya wenzake bure, kwa hiyo lazima ni watu walioachwa na wachumba na wanatafuta cha kushika mikono, na kwamba hiyo ndiyo sababu kazi yao ni nzuri. Kipengele akauliza kama huzuni inaweza kupenya kutoka kwa mfungashaji ikamfikia mgonjwa. Birika akasema inapenya, yeye kahawa akiipika amekasirika wateja wanagombana. Kipengele akasema basi leo aliipika akiwa vitani. Birika akasema paka hawezi kuishi na mtu mwenye huzuni, ukiona paka ujue nyumba ina amani, kwa hiyo imeji ya mwenye paka ndiyo dawa. Wembe akasema picha ya paka si paka. Birika akasema na picha ya kinyozi ukutani kwako si wewe, ndiyo maana ile ina nywele.

Wakawa wanaongea wote watatu kwa mpigo. Waya katikati ameshika simu, kidole juu ya kitufe cha kupakua, jasho linamtoka. Hapo ndipo kila mmoja wetu, bila kupanga, aligeuza macho mwisho wa kulia wa benchi. Kiganja hakikupigwa. Hakuna aliyenguruma. Nilimkumbuka yule mzee, nikainama nikajifanya naokota pini, Wembe asinione uso.

Mimi: Pigeni kura, jamani. Asubuhi inakwisha.

Birika alikusanya vikombe. Kila mtu akageuza chake chini-juu mbele ya imeji anayoitaka, kwa maana Waya alikuwa ameandika kwa chaki juu ya benchi langu, bila kuniomba ruhusa: Wenyewe, Kikundi, Paka. Kipengele kikombe kwa wenyewe. Wembe kwa kikundi. Birika kwa paka. Moja, moja, moja.

Waya: Mimi fundi. Sipigi kura.

Mimi: Mimi mwenye benchi. Naumwa kuona chaki tu.

Kipengele: Basi atafutwe mtu wa nje asiye na upande.

Na mtu wa nje akatoka mwenyewe. Ni yule mteja wa Wembe. Upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa unang'aa, wa pili una nywele zake zote, na shuka la kinyozi lilikuwa limemfunika mpaka magotini. Nilimwonea huruma, ila nilitazama pembeni nisije nikamcheka.

Mteja: Nimesikiliza kila kitu, sikuwa na pa kwenda. Nikipiga kura, nitamaliziwa?

Wembe: Papo hapo.

Mteja: Sawa. Ila kabla sijapiga naomba kuuliza swali moja. Runinga ya huyo mgonjwa ni ya aina gani?

Waya: Swali zuri. Hilo muhimu, kuna runinga nyingine za zamani zinahitaji kifaa cha kuchomeka, na filamu nyingine hazichezi mpaka seva izigeuze kwanza. Wembe, ni ya aina gani?

Wembe: Ya... ya kawaida. Kubwa kiasi. Kipengele?

Kipengele: Mimi sijawahi kuiona kwa macho yangu. Birika ndiye anayepeleka kahawa nyumba za watu.

Birika: Nyumba za watu wengine. Breki kahawa yake anainywea hapa.

Waya: Dada Pindo, wewe ndiye uliyeshona mapazia yake.

Mimi: Alinipa vipimo hapa mlangoni. Sikupanda.

Mteja: Kwani ni nani kati yenu amewahi kuingia chumbani kwake?

Jamani, swali lile. Hakuna hata mmoja. Miaka yote hiyo benchi lilikuwa sebule yetu. Mtu akiwa na furaha anakuja benchini, akiwa na msiba anakuja benchini, na kila mmoja akishatosheka anafunga mlango wake. Tulikuwa tunajua Breki alipita barabara gani na lori gani na alipasukiwa gurudumu wapi, lakini rangi ya kuta zake hatuijui. Na mimi, fundi ninayewagombeza watu wanaokata kitambaa kabla ya kupima, nilikuwa nimekaa asubuhi nzima nasaidia kuchagua nguo ya mtu ambaye hakuna aliyekwenda kumpima.

"Sina!"

Sauti ilitoka juu. Birika nusura aangushe birika.

"Sina runinga! Nilimpa binti yangu alipoolewa! Mnaniwekea sinema, nitatazama kwenye sufuria?"

Tukainua vichwa. Pazia nililolishona mimi lilikuwa limevutwa pembeni, na pale dirishani, juu ya kitanda kilichosogezwa mpaka hapo, kidevu juu ya mikono, alikuwa Breki. Amekonda, ndevu zimeota ovyo, na alikuwa anacheka. Anacheka kwa mwili mzima, anajishika ubavu, machozi yanamtoka.

Wembe: Breki! Kumbe hulali!

Breki: Nani atalala juu yenu ninyi? Tangu asubuhi nasikiliza. Birika, ile ya watu wanaobadilisha mwisho wa filamu imenivunja mbavu, na mbavu ndizo zilizokuwa zimesalia nzima.

Birika: Lakini si kweli nilivyosema?

Breki: Uongo mtupu. Endelea.

Kipengele: Mheshimiwa, tulikuja kukuona tukaambiwa umelala. Zaidi ya mara moja.

Kicheko kikapungua kule juu. Alijifuta macho kwa nyuma ya mkono.

Breki: Nilimwambia mtoto awaambie hivyo. Mlikuwa mnanijua kwa kupanda lori na kushuka. Sikutaka mnione nalishwa, napewa beseni, nageuzwa kama gunia. Na chumba chenyewe hakina kitu. Nikasema bora nisionwe.

 Mimi nikasogea mpaka chini ya dirisha.

Mimi: Kaka, wewe ulitaka tusikuone, sasa umetusikia. Umetusikia tunavyoharibikiwa bila wewe?

Breki: Nimewasikia. Mnatia aibu. Kura tatu, tatu tofauti! Mngekuwa na kichwa kimoja mngejua kura ya nne ni yangu. Seva ni ya nani?

Kipengele: Kuna kipengele hapo. Anayo haki.

Waya: Basi sema tu, baba. Nina kidole kwenye kitufe. Wenyewe, kikundi, au paka?

Breki: Mimi kura ya kupigia dirishani sipigi. Leteni kikao huku juu.

Waya: Kikao chote?

Breki: Na benchi. Huku kuna kitanda kimoja na stuli. Mtakaa wapi?

Nataka niseme wazi kwamba hakuna aliyeniuliza. Benchi ni langu, na kabla sijafungua mdomo walishalinyanyua. Wembe mbele, Kipengele nyuma, na yule mteja, shuka limemning'inia na kichwa chake cha sura mbili, alishika katikati kwa sababu Wembe alimwambia atamnyoa huko huko. Birika nyuma yao na birika na vikombe, Waya na kikompyuta kwapani. Nilifunga cherehani, nikafunga duka mchana kweupe, nikachukua futi yangu ya kupimia na mkasi, kwa maana yale mapazia kwa chini yalikuwa yamepinda na hakuna aliyeniambia.

Binti alitukuta ngazini anarudi na sabuni yake. Alituangalia, akaliangalia benchi, akaangalia juu alikokuwa baba yake akipaza sauti kwamba mlango uko wazi, uko wazi, sukumeni. Akakaa palepale kwenye ngazi na kuchukua simu. Nilimsikia.

"Kaka? Njoo, ndiyo, njoo. Lakini njoo kumsalimia tu. Hapana, nitakueleza, siwezi sasa, wananikanyaga."

Ile kona ya ngazi ilikuwa mbaya kama Kipengele alivyosema. Benchi lilikwama, mguu mmoja ukutani, mwingine kwenye chuma cha kushikilia. Wembe alisema liinuliwe upande wa kulia. Kipengele alisema hapana, lishushwe kwanza lianze upya kwa utaratibu. Birika alikuwa na nadharia kwamba ngazi hupungua mchana kwa joto. Mteja alisema anaomba tu nusu ya pili ya kichwa. Waya akasema labda tulipindue miguu juu, Wembe akasema wewe paka nyamaza, Birika akasema usimtukane paka, na wote wakaanza kusema kwa pamoja, kila mmoja akivuta kwake, na benchi langu likalia kwenye maungio kwa namna ambayo fundi yeyote angeingiwa na huruma.

Ndipo kutoka chumbani, kupitia mlango uliokuwa wazi, ile sauti ya mtu aliyeingiza malori kwenye milango myembamba maisha yake yote ikaanza kutuelekeza. Kata kulia! Wembe, kulia kwako, si kulia kwa mama yako! Rudi nyuma kidogo. Kidogo! Nyoosha. Inua tumbo. Sasa njoo, njoo, njoo, njoo...

Benchi likapita kona, likaingia ukumbini, likaelekea mlango wa chumba, na sisi wote nyuma yake tunalisukuma na bado tunabishana kuhusu paka. Kikasikika kiganja kikipiga mbao za kitanda kwa nguvu.

"Breki!"

Na wote, hata mteja asiyejua kwa nini, tukasimama na kunyamaza.